Kisu chenye Pete

Ukiitazama ramani ya pwani ya kusini ya Tanzania, utauona mji wa Kilwa Kivinje, na baharini mbele yake, upande wa kaskazini-mashariki, utaona visiwa vidogo vilivyotawanyika kama punje za mtama. Kimoja katika hivyo ni Songo Songo. Siku hizi watu wengi wamelisikia jina hilo kwa ajili ya gesi iliyogunduliwa huko mwaka 1974, ambayo tangu mwaka 2004 hupelekwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. Lakini wenyeji wa kisiwa walikuwa wavuvi kabla ya gesi, na wengi wao ni wavuvi hata leo. Hutega nyavu, huvua kwa mshipi, na wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, wanawake na vijana hutoka kwenda miambani kutafuta pweza.

Mtu wa kazi hiyo hawezi kukaa bila kisu. Kwa kisu hukata chambo, hupasua samaki wa kuanika, hukata uzi wa kushonea nyavu, na tanga likichanika au kamba ikikwama, mkono wake huenda kwenye kisu kabla hajawaza lo lote.

Basi tuseme kijana mmoja wa Songo Songo ameuza pweza wake, akavuka kwa mashua mpaka Kilwa Kivinje, akaenda sokoni kununua kisu chake cha kwanza. Amewekewa visu viwili mbele yake. Kimoja ni kisu kilichonyoka, kilichofuliwa na mhunzi kwa chuma cha springi ya gari kuukuu, nacho kimo katika ala ya ngozi. Cha pili ni kisu cha kukunja chenye pete ndogo mgongoni. Bei yao ni moja, na fedha ya kijana yatosha kimoja tu. Achukue kipi?

Kabla ya kumjibu yafaa tukitazame vizuri kile cha pili, maana hakikuundwa kama visu vingine vya mfukoni.

Jina lake ni Okapi. Mpini wake ni wa mti, mrefu na mwembamba, na mara nyingi umepambwa kwa vipande vya madini vyenye sura ya mwezi na nyota. Katika mpini umechimbwa mfereji, na kengee hulala humo, makali yake yakielekea ndani, isipate kumdhuru mtu. Mgongoni pana bamba la chuma lenye kunesa, yaani kamani, na katika kamani hiyo imetiwa pete. Tena kisigino cha kengee kimechongwa meno, kama meno ya msumeno. Ukiifungua kengee kwa kucha ya kidole gumba, meno hayo hupita moja moja chini ya kamani, na kila moja lipitapo husikia sauti: ta, ta, ta. Jino la mwisho likisha ingia mahali pake, kengee imesimama imara, wala haikubali kurudi nyuma mpaka uivute pete. Pete ikivutwa, kamani huinuka, jino huachiliwa, na kengee hurudi kulala katika mfereji wake.

Mwanafunzi mwenye akili ataona mara moja kwamba pete ile ndiyo ufunguo wa kisu kizima. Na alikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Visu vya kukunja si uvumbuzi wa juzi. Warumi wa kale walikuwa navyo yapata miaka 2,000 iliyopita. Lakini kisu hiki cha pete kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, nacho kilikusudiwa kuuzwa katika nchi za Afrika zilizokuwa chini ya Wadachi. Wakati ule Kilwa nayo ilikuwa chini yao. Jina walilokipa ni la mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye miguu yake ina milia kama ya punda milia, lakini kwa ukoo ni ndugu wa twiga. Watu wa misitu ile walimjua tangu zamani sana. Wataalamu wa Ulaya walimpa jina katika vitabu vyao mwaka 1901 tu, baada ya Sir Harry Johnston, aliyekuwa mkubwa wa serikali ya Kiingereza huko Uganda, kupeleka London ngozi yake. Kwa hiyo mwaka uliofuata neno okapi lilikuwa jipya masikioni mwa watu, na wafanya biashara hupenda jina jipya. Utawala wa Wadachi ulikwisha katika vita vya 1914 mpaka 1918, lakini kisu hakikuondoka pamoja nao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi ya kukitengeneza ilihamia Afrika Kusini.

Sasa tuzipime faida zake. Ya kwanza ni kwamba kisu kilichokunjwa kina ala yake ndani yake. Chomboni watu hukaa wamebanana. Hukanyaga kamba, huangukiana wimbi likipiga, na tanga likishushwa huwafunika wote. Kisu kilicho wazi mahali pale ni adui. Hata nyumbani, mtoto akikiokota kile kilichokunjwa, si rahisi ajikate mara moja.

Faida ya pili imo katika yale meno. Visu vingi vya kukunja vya bei ndogo havina komeo lo lote. Kamani huishikilia kengee kwa kuibana tu. Mtu akikisukuma kisu kwa ncha, kwa mfano anapotoboa ganda gumu, kengee hukunjika ghafula ikamfumba vidole. Mwenye kisu cha pete hana hofu hiyo, ikiwa meno yangali mazima. Tena hata kengee ikiwa imefunguliwa nusu tu, haianguki nyuma, kwa kuwa kila jino huishika mahali ilipofika. Mimi nalihesabu jambo hili kuwa werevu mkubwa kwa kitu cha bei ndogo.

Tena kengee yake ni ya feleji ya kawaida, ambayo hunoleka upesi. Mvuvi hahitaji mashine wala fundi. Kinoo na maji kidogo vyatosha, na baada ya dakika chache kisu chakata tena. Feleji isiyoshika kutu, ambayo wengi huisifu, mara nyingi huwa ngumu kunoa kwa mkono.

Lakini feleji hiyo inayonoleka upesi ndiyo inayoliwa na kutu upesi, na hapo twaingia katika hasara. Songo Songo chumvi imo majini, imo hewani, imo hata katika nguo zilizoanikwa. Kisu cha mhunzi nacho hushika kutu. Hilo si siri. Tofauti ni kwamba kisu kilichonyoka chaonekana chote. Ukikiosha na kukifuta, umemaliza, na doa la kutu likitokea utaliona na kulisugua. Kisu cha kukunja kina mahali pa giza. Maji ya chumvi huingia katika mfereji na katika kiungo, kule yanakokaa meno, na jua halifiki wala kitambaa hakifiki. Mwenye kisu akikifungua baada ya juma moja, huona kengee haisogei, au yasogea kwa kulia. Magamba ya samaki na mchanga huingia mle mle. Wengine hupaka mafuta ya nazi, na ni vema kupaka. Lakini wakipaka mengi kupita kiasi mchanga hunata, na meno husagika kama nafaka katika jiwe la kusagia. Na jino likisha sagika, lile komeo tulilolisifu halipo tena, ingawa mwenyewe adhani lipo. Hiyo ni hatari kuliko kukosa komeo kabisa.

Mti wa mpini nao una tabia yake. Katika Ufaransa, jimbo la Savoie, Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vya kukunja mwaka 1890, vyenye mpini wa mti, navyo vimependwa sana mpaka leo. Lakini wanaovitumia mahali penye maji walalamika kwamba mti ukilowa huvimba, ukaibana kengee isitoke. Kisu kikikauka, hurudia hali yake. Mkulima aweza kungoja kikauke. Mvuvi hawezi.

Hapa nataka kuwasimulia kwa kifupi jinsi watu wengine walivyokata shauri katika jambo hili hili. Mabaharia wa Kiingereza walipewa kisu cha kukunja chenye kengee isiyochongoka, na pamoja nayo chuma chembamba chenye ncha, cha kufumulia kamba na kulegeza mafundo. Askari wa Uswisi, tangu mwaka 1891, walipewa kisu chenye kengee, kifungua kopo, chuma cha kutobolea, na bisibisi ya kufungulia bunduki zao. Walioagiza kisu hicho walifikiri kwanza kazi za askari, ndipo kisu kikaundwa. Waliotengeneza kisu cha pete walifikiri bei na soko, na mnunuzi wa kila namna. Kwa hiyo lazima kila mnunuzi mwenyewe afikiri kazi yake.

Iko hasara nyingine isiyo ya chuma wala ya mti, bali ya sifa. Kule Afrika Kusini na Jamaika kisu hiki kimetumiwa na wagomvi, hata wengine wakikisikia kinafunguliwa hudhani shari imekuja. Kisu hakina kosa. Walakini kijana akikifungua mbele ya watu kwa madaha, ta, ta, ta, ili aonekane shujaa, asistaajabu akitazamwa vibaya. Na shuleni si mahali pa kisu cha namna yo yote.

Tuirudie sasa ile pete. Mvuvi huvaa kikoi au kaptula iliyolowa. Mara nyingi hana mfuko wa kutegemea, kwa hiyo hupenda kukifunga kisu kwa kamba na kukivaa shingoni au kiunoni. Atazama kisu, aona pete, asema: "Hapa ndipo pa kutia kamba." Pete yenyewe kama inamwita! Lakini kumbuka tuliyosema: pete ikivutwa, kamani huinuka. Mtu akiwa anakata kwa nguvu, na kamba iliyofungwa penye pete ikanaswa kwenye msumari au ikakazwa na mwendo wa mkono wake mwenyewe, kamani itainuka bila yeye kujua, na kengee itafunga juu ya vidole vyake. Mwenye kisu hiki na asiifunge pete kwa kitu cho chote.

Yule kijana tulimwacha sokoni. Hakununua siku ile ile, kwa kuwa alikuwa na mjomba wake aliyekuwa nahodha, na ambaye alikuja naye katika mashua ile. Akamwomba mwenye visu avishike vile viwili kidogo, akaenda pwani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekwisha nunua?"

"Bado, mjomba. Nimeona viwili. Moyo wangu wapenda kile cha kukunja, lakini nataka kusikia neno lako."

Nahodha hakusema neno juu ya kisu. Alimwuliza kwanza: "Jarife likitupwa, kamba yake yaenda namna gani?"

"Yakimbia, mjomba, kwa uzito wa vizamisho."

"Na mguu wako ukiwa ndani ya kitanzi cha kamba ile?"

Kijana alinyamaza. Alikwisha kusikia habari za watu walioburutwa.

"Mkono wako mmoja," akasema nahodha, "utashika ubavu wa chombo, usipende usitake, kwa maana mwili hushika wenyewe. Umebaki na mkono mmoja. Mwombe mwenye visu akuruhusu ujaribu."

Wakarudi sokoni pamoja. Nahodha alimpaka kijana mikononi ute wa pweza, uliokuwa bado katika ndoo yao, akamwambia aweke mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, afumbe macho, akifungue kisu cha pete kwa mkono wa kulia peke yake. Kijana alijitahidi. Kucha ikateleza juu ya kengee. Akakibana kisu katika goti, kikaruka chini. Akakiokota, akakibana kwa meno ya kinywani mwake, na kengee ikafunguka, ta, ta, ikasimama katika jino la pili, naye akadhani imekwisha funguka yote. Watu waliokuwapo wakacheka, naye akacheka pamoja nao, lakini si sana.

Kisha akapewa kile cha mhunzi, kikiwa ndani ya ala kiunoni. Akakichomoa kwa mara moja, kikawa tayari.

Lakini kijana hakuwa mjinga, wala hakukubali upesi. "Mjomba," akasema, "mguu haunaswi kila siku. Pengine hautanaswa maisha yangu yote. Lakini kila siku nitakaa nacho chomboni katikati ya watu, na ala ya ngozi huoza kwa maji ya chumvi. Ikioza, kisu kitatoboa ala na kitanitoboa mimi."

"Kweli," akajibu nahodha. "Hilo nalo ni neno. Ala utaibadili kila ikichakaa, nawe utaikagua kama unavyokagua kamba. Na mpini utaufunga kwa uzi imara, kisije kikazama. Ni kazi, sikufichi. Lakini niambie: katika kazi za kila siku, kupasua samaki, kukata chambo, kukata uzi, ni kisu gani kinachokushinda?"

"Hakuna kinachonishinda. Vyote viwili vyakata."

"Basi kwa siku hizo ni sawa. Imebaki siku ile moja."

Kijana akanunua cha mhunzi.

Msomaji asidhani kwamba kile cha pete kimeshindwa kabisa. Kijana alikuwa na shangazi yake, ambaye hakwenda na jarife wala hakukaa chomboni. Yeye alikuwa mvuvi wa miambani. Wakati wa bamvua hutembea kwa miguu juu ya mwamba wenye utelezi, kikapu begani, na kijiti mkononi cha kumchokoa pweza katika pango lake. Kisu hakihitaji mpaka amekwisha mtoa pweza, amempigapiga juu ya jiwe, na sasa ataka kumpasua kichwa na kutoa matumbo. Na wakati huo mikono yake yote miwili ni huru, wala hakuna kamba inayokimbia. Jambo analoogopa yeye ni kuanguka. Mtu akiteleza juu ya mwamba akiwa na kisu kilichofungwa nguoni, na ala yake ikiwa mbovu, aweza kujichoma vibaya, na kutoka mwambani mpaka kwa mganga ni mbali. Kwake yeye kisu kinachokunjwa na kulala katika kikapu ni bora. Yafaa tu akioshe kwa maji yasiyo ya chumvi afikapo nyumbani, akiwa amekifungua, akikung'ute mchanga, akiache wazi mpaka kiungo kikauke, ndipo atie tone moja la mafuta.

Tena asikitumie kung'olea chaza mwambani. Kengee ya kisu cha kukunja imeshikwa na msumari mmoja mwembamba, na ukiipinda kwa ubavu, msumari hulegea. Na kiungo kilicholegea meno yake hayakutani sawasawa na kamani. Kwa kazi ya kung'oa, kipande cha chuma kizito chafaa kuliko kisu cho chote, hata kile cha mhunzi.

Bamvua iliyofuata ilipokaribia, shangazi alisikia habari za visu viwili, akacheka sana juu ya ute wa pweza. Kisha alimpa kijana fedha, akamtuma Kilwa Kivinje amletee kile cha kukunja kama bado kipo. Kilikuwapo. Kijana alikileta, akapasha moto msumari mwembamba, akatoboa tundu katika mwisho wa mpini mahali ambapo kengee haifiki, akapitisha kamba humo, akampa. Pete akaiacha bila kamba.